Kabla hujaisoma picha ya setilaiti, jua ilivyopandishwa

Kijana mpya akiingia ofisi yetu ya hali ya hewa hapa Mombasa, hukimbilia kwanza ile skrini ya picha za setilaiti. Simlaumu, nami nilianza hivyo hivyo. Mawingu yanatembea mbele ya macho yako, Bahari ya Hindi yote iko kiganjani, na unajiona unajua kuliko nahodha aliyezaliwa ndani ya mashua. Mimi nilitolewa ujinga huo na asubuhi moja ya masika ya 2006.

Nilikuwa zamu ya alfajiri. Skrini ilionyesha wingu kubwa la mvua mashariki ya kisiwa, bado mbali kidogo na ufuo. Nahodha mmoja wa Likoni akanipigia simu, nikamwambia muda upo, avushe mzigo wake. Haikupita robo saa akapiga tena. Nilisikia upepo kabla ya sauti yake. "Mwanangu, mvua yako iko baharini. Hii inayoninyeshea mimi ni ya nani?"

Hakuna aliyeumia, ila viroba vya unga viliharibika, na mwenye unga alinitafuta kwa muda mrefu. Kosa lilikuwa langu. Picha haikudanganya. Mimi ndiye sikujua ilipigwa kutoka wapi, saa ngapi, na kwa nini kutoka huko.

Wakati ule tulitegemea sana Meteosat-8, setilaiti ya hali ya hewa ya Ulaya, iliyokuwa juu ya Ghuba ya Guinea, huko magharibi ya Afrika. Kutoka pale Mombasa huonekana kwa mshazari. Simama chini utazame kilele cha mnazi kwa mbali: utakiona kimegusa ukuta wa nyumba iliyo nyuma yake, ingawa mnazi wenyewe uko mbele. Wingu la radi ni mnazi wenye urefu wa kilomita 15 hivi. Likitazamwa kutoka magharibi, kilele chake husukumwa mashariki kwenye ramani, kilomita 15 na zaidi hapa kwetu. Kwa hiyo wingu nililoliona liko mbali baharini lilikuwa limeshafika mlangoni pa Kilindini.

Ongeza la pili. Setilaiti za kizazi kile huzunguka zenyewe kama pia, mara 100 kwa dakika, na kila mzunguko huchota ukanda mmoja mwembamba wa dunia, kuanzia kusini kupanda kaskazini. Picha nzima huchukua robo saa, na saa iliyoandikwa juu yake ni ya kuanza. Ikweta hufikiwa katikati ya safari hiyo, kisha data lazima ipite Ulaya ikachakatwe kabla ya kurudi kwenye dishi letu. Wewe unatazama mvua ya jana asubuhi, natia chumvi, lakini si sana. Makosa yote mawili yaliniambia nina muda nisiokuwa nao.

Sasa, ilifikaje huko juu, na inakaaje mahali pamoja? Hapo ndipo lazima urudi kwenye roketi.

Meteosat-8 ilirushwa tarehe 28 Agosti 2002 kwa roketi ya Ariane 5 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, nyuzi 5 tu kaskazini mwa ikweta. Hawakupachagua kwa ajili ya uzuri wa pwani. Ardhi ya ikweta inakimbia mashariki karibu mita 465 kila sekunde, na roketi ikielekezwa mashariki huuchukua mwendo huo bure. Sisi wa Pwani tusishangae. Waitaliano waliliona hilo mapema, wakasimamisha jukwaa lao baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, na kati ya 1967 na 1988 roketi za Scout zilirushwa pale. Setilaiti iliyoondoka hapo tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru kwa sababu ya siku yenyewe, siku ya uhuru wa Kenya. Haikuwa ya hali ya hewa, ilitazama mionzi ya eksirei ya nyota, lakini kila kijana wa Pwani anayefanya kazi hii anapaswa kujua kwamba jina la Kiswahili lilifika angani kabla ya setilaiti ya kwanza ya Meteosat, ambayo iliondoka 1977.

Jambo ambalo wageni wengi hawalijui ni kwamba roketi haiifikishi setilaiti nyumbani. Inaiacha nusu saa hivi baada ya kuruka, kwenye njia ndefu ya yai: upande mmoja kilomita mia chache kutoka ardhini, upande wa pili karibu kilomita 36,000. Kuigeuza njia hiyo iwe duara ni kazi ya setilaiti yenyewe. Kila ikifika kileleni huwasha injini yake, mara kadhaa, siku kadhaa, mpaka izunguke kwa kasi ile ile ya dunia na ionekane imesimama mahali pamoja. Ndiyo maana karibu nusu ya uzito wa Meteosat-8 siku ya kuruka, katika tani mbili hivi, ilikuwa mafuta.

Na mafuta hayo ndiyo umri wake. Hakuna kituo cha petroli huko juu. Yakibaki mengi baada ya kupanda, yatatumika kuizuia isiteleze kwa kuvutwa na mwezi na jua. Meteosat-8 iliundwa idumu miaka 7, ikafanya kazi hadi 2022. Katika 2016 ilihamishwa kutoka magharibi ikaletwa longitudo 41.5 mashariki, takriban juu yetu. Ule mshazari ulioniaibisha ukaisha. Tangu Juni 2022 nafasi hiyo inashikwa na Meteosat-9, kwenye 45.5, na kilele cha wingu la Mombasa sasa husogea kilomita mbili tatu tu, tena kuelekea magharibi. Mtu aliyezoea kusahihisha kwa njia ya zamani na asijue setilaiti imebadilishwa, atakosea upande wa pili. Nimemwona mmoja akifanya hivyo, simtaji.

Basi kila mkiingia zamu, someni kwanza jina la setilaiti kwenye pembe ya picha, halafu longitudo yake, halafu saa. Wingu baadaye.

Mtapigiwa simu pia kila habari za urushaji zikitoka. "Mmerusha mpya, mbona bado mnasema pengine itanyesha?" Msijibu kwa hasira. Meteosat-12 iliruka tarehe 13 Desemba 2022, picha yake ya kwanza ikatolewa Mei 2023, na ikakabidhiwa kazi rasmi Desemba 2024. Miaka miwili ya kupima kila chombo. Ni kali kuliko za zamani, picha nzima kila dakika 10, wala haizunguki kama pia. Lakini iko longitudo sifuri. Kwetu Mombasa ni mshazari ule ule wa 2006, kwa macho makali zaidi. Jicho linalotutazama utosini bado ni lile la Meteosat-9, lililorushwa Desemba 2005.

Kuna zile zinazopita ncha hadi ncha ya dunia, kama Metop za Ulaya, kilomita 800 na kitu juu yetu. Hizo hazihitaji msukumo wa ikweta, na ya kwanza iliruka kutoka Baikonur, Kazakhstan, mwaka 2006. Zinaona kwa undani lakini zinapita na kwenda zao, kwa hiyo usizingojee wakati mashua iko majini.

Na zipo ambazo hazikufika. GOES-G, setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, ilipotea tarehe 3 Mei 1986, injini ya roketi yake ya Delta ilipozimika sekunde chache baada ya dakika ya kwanza. Nawatajia hili kwa sababu vijana huniuliza kwa nini setilaiti ya kale inatunzwa kama yai: mpya inaweza isifike.

Kwa upande wetu adui si roketi, ni chumvi na kunguru. Chumvi ya bahari inakula bolti za dishi, na kunguru wa hapa mjini wanavuta waya kujengea viota. Picha ikianza kuja na mistari myeusi, usiandike ripoti kwamba setilaiti ina hitilafu. Panda darini kwanza. Ufunguo uko kwa mlinzi wa mchana, na ngazi ina kidato kimoja kibovu, cha nne kutoka chini.