Majina marefu ya matawi ya Git

Swali: Ninatayarisha programu katika ofisi ya Mombasa inayoshughulikia uondoaji wa mizigo bandarini Kilindini. Kanuni yetu inataka kila tawi la Git, yaani kila mkondo wa kazi katika programu hiyo ya kutunza matoleo ya msimbo, libebe namba ya kazi na maelezo yake, kwa mfano kazi/1482-rekebisha-hesabu-ya-ushuru-wa-makontena. Kuyaandika majina haya kutwa nzima kunanichosha. Je, niombe yafupishwe?

Jibu: Ndugu yangu, nakushauri usiombe hivyo, kwa kuwa jina refu humfaa mwenzako atakayelisoma miezi kadhaa baadaye, na kazi ya kuliandika unaweza kuiachia kompyuta.

Ili kuhamia tawi hilo, andika git switch kazi/1482 kisha ubonyeze kitufe cha Tab, na jina lililobaki litajiandika lenyewe. Lisipojiandika, hakikisha kwamba faili iitwayo git-completion.bash imepakiwa kwenye terminali yako, yaani dirisha unamoandika amri; watumiaji wa Git Bash, terminali inayokuja na Git katika Windows, huipata tayari. Hapa ndipo kanuni ya ofisi yenu inapokufaa: Tab husimama pale majina mawili yanapoachana, kwa hiyo namba ikitangulia, herufi chache zinatosha, ilhali kama matawi yote yangeanza na rekebisha-hesabu-ya-ushuru, ungelazimika kuandika karibu jina zima.

Ukiwa unakwenda na kurudi kati ya matawi mawili, huhitaji jina lolote, kwani git switch - hukurudisha katika tawi ulilotoka. Amri ya switch ilikuja na toleo la 2.23 mwaka 2019. Mwenye toleo la zamani zaidi atumie git checkout -. Ukiwa umesahau namba, git branch --list '*ushuru*' itakuonyesha kila tawi lenye neno hilo.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni kusukuma kazi kwenye seva. Niliwahi kunakili jina la tawi kutoka kwenye orodha, nikachukua la jirani yake lililofanana nalo mwanzoni, na asubuhi nzima ikapotea katika kurekebisha. Tangu siku hiyo ninaandika git push -u origin HEAD, ambayo husukuma tawi nililomo (HEAD) kwenye seva (origin) kwa jina lake lilelile. Ukiwa na toleo la 2.37 au jipya zaidi, endesha mara moja tu git config --global push.autoSetupRemote true, na kwa mipangilio ya kawaida git push peke yake itatosha hata kwa tawi jipya.