Maswali na majibu: Ua linavyoikataa chavua yake lenyewe

Mmea hauna macho wala ubongo. Unajuaje kwamba chavua iliyotua ni yake?

Kwa protini. Tuanze na kabichi na jamaa zake. Punje ya chavua imepakwa protini ndogo iitwayo SCR, na juu ya stigma, yaani ncha ya sehemu ya kike ya ua inayopokea chavua, kuna kipokezi kiitwacho SRK. Jeni za hizo mbili zimekaa jirani kwenye kromosomu, kwa hiyo hurithiwa pamoja. SCR ikikutana na SRK ya ukoo wake, zinashikana, na seli ya stigma inapata amri: huyu asipewe maji. Chavua hufika ikiwa kavu, na bila maji haioti. Ikitoka kwenye mmea wenye jeni tofauti, kipokezi hakina cha kushika, nayo inanyweshwa.

Je, mimea yote hutumia njia hiyo?

Hapana, na hapa ndipo mambo yananoga. Baadhi ya jamii za tumbaku, petunia na hata tufaha hupitia mlango wa nyuma. Chavua huachwa iote, lakini mrija wake ukishuka ndani ya shingo ya pistili (sehemu ya kike ya ua) unafyonza sumu: kimeng'enya kiitwacho S-RNase, kinachokatakata RNA, molekuli ambazo seli huzihitaji kutengeneza protini. Sumu humwingia kila mmoja, wa nyumbani na wa kuja. Ila chavua hubeba kundi zima la protini za SLF, na kila moja hutambua baadhi ya sumu za mimea mingine na kuzitia alama ili ziharibiwe. Isiyo na dawa ni sumu ya nyumbani tu. Kwa hiyo kabichi humtambua ndugu ndipo imzuie. Tumbaku humwacha afe kwa kukosa kinga.

Mpopi mwekundu una njia ya tatu, kali zaidi: madini ya kalisi hufurika ndani ya mrija wa chavua, ukuaji unasimama, kisha seli inajiua.

Mbona mche mmoja wa nyanya huzaa ukiwa peke yake?

Nyanya za kulimwa zimepoteza S-RNase. Baadhi ya ndugu zake wa porini wanayo hadi leo.

Nina mitufaha mitatu ya aina moja. Maua tele, matunda haba. Niongeze nyuki?

Nyuki hawatasaidia. Miti ya aina moja huzalishwa kwa kubebesha vikonyo, hivyo kijenetiki hiyo mitatu ni mti mmoja. Panda aina nyingine inayochanua wakati huohuo.

Wazalishaji wa mbegu za kabichi huukwepaje ukuta huu?

Hufungua tumba changa na kulipaka chavua ya mmea huohuo, kabla vipokezi havijatosha kwenye stigma.