Maswali Yenu: Mama Mchungaji na Imani Yake Mwenyewe

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nimelelewa KKKT (Kanisa la Kilutheri) Marangu, nilibatizwa nikiwa mchanga na kipaimara nilipata. Sasa nimeolewa na mchungaji wa Kibaptisti, na mashemasi wananiuliza nitabatizwa lini. Mama yangu anasema nikirudia ubatizo nitakuwa nimemdharau. Nifanyeje? – Mama mchungaji mpya, Pasua, Moshi

JIBU: Dada, usiingie majini kwa sababu umeolewa. Kwa Wabaptisti ubatizo hufuata imani ya mtu mwenyewe, naye huzamishwa majini mwili mzima (Matendo 8:36–39, Warumi 6:3–4). Ndiyo maana hawabatizi watoto wachanga, na kwa sababu hiyohiyo ubatizo wa kuwaridhisha mashemasi ni bure. Wao wanasema hurudii, unabatizwa mara ya kwanza. Mama yako anaona unarudia, wala hana ubaya: alikupeleka kanisani kwa imani yake. Mshukuru kwa hilo waziwazi.

Mwaka 1812 Ann Judson, mmisionari kutoka Marekani, alikutana na jambo hili. Wakiwa safarini kwenda India, mumewe Adoniram alianza kuuona ubatizo wa wachanga kuwa haumo katika Maandiko. Ann alipinga, akamwambia kwamba hata mume akiwa Mbaptisti yeye hatakuwa. Kisha akachunguza Maandiko mwenyewe, na Septemba mwaka huo wakabatizwa wote wawili mjini Calcutta.

Kwa hiyo omba muda, hata miezi mitatu. Soma Matendo sura ya 2, 8, 10, 16 na 19, uandike kila linalokutatiza. Mume asiwe mwalimu wako peke yake, maana ni vigumu kumbishia mtu unayempikia chakula cha jioni. Mtafute mama mchungaji mwenye umri mkubwa. Ukishaamua, panda Marangu umwambie mama kabla tarehe haijatangazwa, asije akasikia sokoni. Usipoamua, endelea kuabudu hapo. Ila ujue kwamba katika makanisa mengi ya Kibaptisti asiyebatizwa kwa imani yake mwenyewe hapigi kura katika kikao cha washirika, na mengine hayampi Meza ya Bwana. Mume asikuombee upendeleo. Utakuumiza wewe kwanza.

SWALI: Nimeachiwa maandalizi ya ubatizo wa wanawake. Julai maji ni ya baridi kali, na majoho meupe yakilowa yanawaaibisha. – Ngaramtoni, Arusha

JIBU: Joho jeupe likilowa huonyesha mwili. Shona kwa kitambaa kizito cha bluu iliyoiva, mikono mirefu, urefu hadi kifundo cha mguu. Ndani mwanamke avae fulana nyeusi na taiti. Joho pia huelea: hewa huingia chini likapanda hadi kiunoni. Pinda upindo wa chini kwa upana wa vidole viwili, ushonee ndani nati nne za chuma, mbele, nyuma na pembeni. Kagua nyuzi kila baada ya ubatizo, kwa sababu chuma hupata kutu na kuzila.

Maji yafike kati ya kiuno na kifua, karibu mita moja. Kisima cha ubatizo cha mita 2 kwa 1.2 kwa kina hicho hubeba lita 2,400. Pipa moja la lita 200 za maji yaliyochemka huongeza joto kama nyuzi 6 tu, kwa hiyo chemsheni mapipa mawili. Yamwagwe na kukorogwa vizuri kabla mtu hajaingia, kisha mpime kwa mkono chini kabisa, maana maji ya moto hukaa juu.

Maikrofoni ya waya, hita na nyaya za umeme zisikaribie kisima kabisa. Mwaka 2005 huko Waco, Texas, mchungaji wa Kibaptisti aliuawa na umeme aliposhika maikrofoni akiwa majini. Asiye majini ndiye asome maneno.

Jumamosi wafundishe wanawake nchi kavu. Wakunje magoti wanapolazwa. Wakikaza miguu, hupanda juu na mchungaji huelemewa. Leso puani, pumzi ibanwe, wigi livuliwe nyumbani. Mjamzito au mwenye kifafa aseme mapema, naye awe wa kwanza ili asisubiri na nguo mbichi. Wanawake wawili wamngojee kila mmoja ngazini na khanga kavu mbili, na chai ya tangawizi iwe tayari.

SWALI: Mume anasema ameitwa kwenda kuanzisha kanisa kijijini. Mimi sijasikia wito huo. Je, nina imani haba? – Njiro

JIBU: Hapana. Dorothy Carey alikataa mwanzoni kwenda India na mumewe William, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, akashinikizwa hadi akakubali mwaka 1793. Mwaka uliofuata mtoto wao Peter alifariki, akili ya Dorothy ikavurugika, na hakupona hadi kufa kwake mwaka 1807. Wabaptisti wanajivunia kazi ya Carey, na ni haki wakumbuke pia gharama aliyolipa mkewe. Mwambie mume wako unachoogopa kwa majina yake: shule ya watoto, hospitali, kipato. Nendeni mkakae huko wiki mbili wakati wa masika, barabara zikiwa mbovu, ndipo mwamue. Kanisa linalowatuma liwasikilize wote wawili.

SWALI: Nyumba tunayoishi ni ya kanisa. Mume akifariki? – Majengo, Moshi

JIBU: Kwa desturi kila kanisa la Kibaptisti hujitawala, hakuna askofu mwenye mamlaka ya kukuhamishia nyumba nyingine. Kwa hiyo ombeni sasa, mume akiwa mzima, kikao cha washirika kipitishe na kuandika katika muhtasari ni miezi mingapi mjane atakaa na nani atalipia kuhama. Jambo hili alilete shemasi, si mume. Pia ulizeni kama mchungaji amesajiliwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kanisa na yeye wakigawana, na pensheni ya uzee huhitaji michango ya miezi 180. Miezi ambayo hakuchangiwa haihesabiwi. Nakala ya muhtasari na namba ya uanachama ya mume zikae kwako.