Kwa nini shajara ya masultani wa Zanzibar hainyooki?

SWALI: Asalaam aleikum, mwalimu. Nachora shajara, yaani mti wa nasaba, ya masultani wa Kibusaidi, ukoo uliotawala Zanzibar, niitundike darasani. Nimewapanga kwa miaka, baba juu mwana chini, lakini haikubali. Baada ya Ali bin Said anakuja Hamad bin Thuwaini, na sioni wanahusiana vipi. Na Khalid bin Barghash nimtie wapi? – Msomaji, Mji wa Kale, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Umechanganya nasaba na zamu za kukalia kiti. Chora damu kwanza, kisha kila aliyetawala muandikie namba ya zamu na miaka yake ubavuni.

Anza na Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini 1856. Wanawe wanne walipokezana Zanzibar: Majid (1856–1870), Barghash (1870–1888), Khalifa (1888–1890) na Ali (1890–1893). Ni ndugu, kwa hiyo wakae safu moja, kila mmoja akishuka kwa Said mwenyewe. Kiti hakikuwa mali ya kifungua mimba. Aliyekishika ni yule aliyeungwa mkono na wakubwa wa ukoo, na baadaye Waingereza.

Safu hiyohiyo waongeze Thuwaini na Mohammed. Thuwaini alitawala Muscat, Omani, na Mohammed hakutawala kabisa, lakini ukiwaacha shajara inakatika. Hamad (1893–1896) ni mtoto wa Thuwaini, hivyo Ali ni ami yake. Hamoud (1896–1902) ni mtoto wa Mohammed, na chini yake yuko mwanawe Ali, aliyejiuzulu 1911.

Hapa wengi hukosea. Aliyefuata, Khalifa bin Harub (1911–1960), alikuwa shemeji wa Ali bin Hamoud, amemuoa dada yake. Kwa damu anarudi tawi la Thuwaini: Harub alikuwa mtoto wa Thuwaini. Chini ya Khalifa weka Abdullah (1960–1963), kisha Jamshid, aliyepinduliwa Januari 1964. Usiache jina la baba hata mara moja, maana wapo akina Ali wawili na akina Khalifa wawili.

Khalid muweke chini ya Barghash. Yeye na Hamoud wote ni wajukuu wa Said, kwa damu hakuzidiwa. Alichokosa ni ridhaa ya Waingereza, kwa kuwa tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao. Alikalia kiti tarehe 25 Agosti 1896. Tarehe 27 manowari zikalipiga jumba la kifalme kwa muda usiofika saa nzima, na siku hiyohiyo Hamoud akatawazwa. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akakamatwa na Waingereza 1916, akahamishiwa Shelisheli na St Helena, na mwisho akaruhusiwa kuishi Mombasa, alikofariki 1927.

Vitabu vingi humruka. Mimi naona si haki, tena kwenye ukuta wa darasa la Mombasa. Mtie kwa mstari wa nukta, bila namba ya zamu, na tarehe zake mbili za Agosti uziandike.