Antivirusi Ikipiga Kelele: Kirusi Kweli au Imekosea?

Swali: Kijana mmoja alituandikia programu ya stoo ya duka kwa Python. Kwenye kompyuta ya zamani inafanya kazi vizuri, lakini tulipoihamishia kwenye mpya, Windows iliiondoa papo hapo na kuandika Trojan:Win32/Wacatac.B!ml. Mwenyewe anasema si kirusi, tuzime antivirusi tu. Tumwamini? – *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Huenda anasema kweli, lakini antivirusi msizime. Anzeni na jina la onyo. Ile !ml ya mwishoni ina maana Defender, antivirusi inayokuja na Windows, haikukuta kirusi inachokijua, bali imekisia kwa modeli iliyofundishwa kutambua mafaili yenye sura ya virusi. Kwenye antivirusi nyingine mtaona Heur au Generic, na hapo pia onyo limetokana na kufanana, si kutambuliwa kwa uhakika.

Programu za Python hukumbwa sana na jambo hili. Ili ifanye kazi kwenye kompyuta isiyo na Python, mwandishi huifunga pamoja na Python yenyewe kwa chombo kiitwacho PyInstaller. Akichagua kuifunga kuwa faili moja, kila inapofunguliwa hujitawanya kwanza kwenye folda ya Temp, ndani ya folda ndogo inayoanza na _MEI, ndipo ianze kazi. Virusi vingi hufanya vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, kipande cha mwanzo kinachowekwa na PyInstaller ni kilekile, kiwe kwenye programu ya stoo au kwenye kirusi kilichofungwa kwa chombo hicho. Faili lenu pia halina saini ya kidijitali (alama inayothibitisha nani amelitoa), na nje ya duka lenu hakuna anayelitumia. Kwa antivirusi, hayo yote ni dalili mbaya.

Mwambieni awatumie hashi ya SHA-256, yaani alama ya kidole inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ya lile lililo kwenye kompyuta yake, si la kwenye flashi. Nanyi, kwenye kompyuta ya zamani, fungueni Command Prompt ndani ya folda yenye programu na mwandike:

certutil -hashfile stoo.exe SHA256

Zitatoka herufi na tarakimu 64. Ikitofautiana hata moja, nakala yenu siyo aliyoitengeneza: ni toleo jingine, imeharibika wakati wa kunakili, au kirusi kimejipachika humo. Zikilingana, mmejua tu kwamba nakala ni ileile. Kama kompyuta yake yeye ina maambukizi, hashi zitalingana vilevile, kwa hiyo msiishie hapo.

Bandikeni hashi hiyo kwenye sehemu ya kutafutia ya VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa antivirusi zaidi ya 70. Isipopatikana, pakieni faili lenyewe, ila hakikisheni halina taarifa za wateja, maana mafaili yanayopakiwa huko hugawiwa kampuni za usalama. Zikilalamika mbili tatu, kila moja kwa jina lake la jumlajumla, yaelekea zimekosea. Zikilalamika ishirini na nyingi zinataja ukoo mmoja wa kirusi, futeni. Jihadharini na jambo moja: kirusi kipya nacho huanza kwa maonyo machache, hivyo rudieni kipimo baada ya siku mbili.

Dawa ya kudumu anayo mwandishi. Aifunge upya kwa chaguo la --onedir, linaloiweka kwenye folda badala ya faili moja, aache kuibana kwa UPX (chombo cha kupunguza ukubwa wa programu), kisha aitume Microsoft kupitia ukurasa wao wa kupokea mafaili, akieleza kuwa imetambuliwa kimakosa kuwa kirusi. Mkilazimika kuitumia kabla ya hapo, ruhusuni faili hilo moja tu. Kuiambia Defender isikague folda nzima ya Downloads ni hatari, kwa sababu kila kitakachoingia humo baadaye kitapita bila kuguswa.

Swali: Nimepakua VLC nikashauriwa nihakiki saini yake. Naiona wapi? Na mbona notepad.exe ya Windows 10 haina saini kabisa? – *Msomaji, Kisumu*

Jibu: Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha Digital Signatures. Chagua jina lililoorodheshwa, bonyeza Details. Unatafuta mambo mawili: maneno "This digital signature is OK", na jina la mtiaji saini, ambalo kwa VLC ni VideoLAN. Wengi husoma la kwanza wakaacha la pili, na saini halali yenye jina la kampuni usiyoijua haikusaidii kitu.

Notepad inayo, ila haimo ndani ya faili. Mafaili mengi ya Windows husainiwa kupitia katalogi iliyohifadhiwa kando, na dirisha la Properties haliionyeshi. Fungua PowerShell uandike:

Get-AuthenticodeSignature C:\Windows\System32\notepad.exe

Jibu la Valid ni zuri. NotSigned ni faili lisilo na saini, jambo la kawaida kwa programu ndogo za bure. HashMismatch ndiyo ya kuogopa: faili limebadilika baada ya kusainiwa. Lifute, pakua upya kutoka tovuti ya mwenye programu. Cheti kilichokwisha muda kisikutie hofu ikiwa saini ina muhuri wa wakati unaoonyesha ilitiwa cheti kikiwa hai.

Saini ni kama lakiri ya bahasha: inakwambia nani aliifunga na kwamba haijafunguliwa, haikwambii barua inasema nini. Mwaka 2017 wavamizi waliingia kwenye mitambo ya Piriform, watengenezaji wa CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, na toleo la 5.33 likatoka na kirusi ndani yake huku likiwa na saini halali ya Piriform.

Swali: Kiwasha Office nilichopewa na rafiki kinadai antivirusi zote hukosea, nizizime kabla ya kukifungua. – *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Usikifungue. Onyo la HackTool:Win32/AutoKMS, ambalo Defender huwapa viwasha vya namna hiyo, halijakosea: linataja kazi ya chombo hicho, kukwepa leseni. Hakina saini wala mwandishi wa kumwomba hashi, kwa hiyo huna namna ya kujua nani mwingine amekigusa kabla hakijakufikia. Kama tatizo ni bei, LibreOffice ni bure na hufungua mafaili ya .docx na .xlsx.