Re: Bwawa la kuogelea la juu ya ardhi kwenye uwanja wenye mteremko

Unauliza kama bwawa la duara lenye kipenyo cha mita 4.5 litakaa kwenye mteremko wa sentimita 15. Litakaa, ila usijaze udongo upande wa chini. Chimba upande wa juu mpaka usawa upatikane. Maji ya kina cha mita 1 hapo ni karibu tani 16, na udongo wa kujazia utatitia tu: ukuta unainama, viungio vinaachia. Pima kwa ubao mrefu na pimamaji, tofauti isizidi sentimita 2.5 ukingo hadi ukingo. Kisha mwaga mchanga uliochekechwa, sentimita 5. Kokoto moja yatosha kutoboa sakafu ya plastiki. Pampu? Lita 2,000 kwa saa huzungusha maji yote kwa saa 8, lakini chujio likichafuka kasi hushuka. Chukua ya 3,000.