Hatari za misuli na viungo zipimwe kazi ikiendelea

Kwa muda niliosimamia usalama wa wafanyakazi katika maghala ya kahawa mjini Moshi, nimejiridhisha kwamba tathmini ya hatari za misuli na viungo haikamiliki kwa kujaza fomu ofisini. Hufanyika pembeni mwa mfanyakazi, hasa saa ya mwisho ya zamu, mwili ukiwa umeshachoka na mtu amesahau kwamba anatazamwa, hajirekebishi tena.

Ninachokitazama ni nguvu anayotumia mtu, mkao wake, mara anazorudia tendo lile lile na muda anaokaa bila kupumzika. Gunia la kahawa safi lina kilo 60, ilhali kanuni ya kunyanyua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama na afya kazini, inaanzia kikomo cha kilo 23 tu, tena pale mzigo unapokuwa karibu na mwili na mnyanyuaji hajipindi. Mpakiaji anayeinama kuchukua gunia sakafuni, kisha akageuza kiwiliwili kulipandisha kwenye lori, amekwisha kuyavunja masharti hayo kwa tendo moja. Ndiyo maana sikubaliani na waajiri wanaodhani kwamba kumfundisha mtu kukunja magoti kunatosha, kwa kuwa uzito huo hauwi salama kwa mbinu yoyote ya kunyanyua. Kinachomwokoa ni toroli, jukwaa lililo usawa wa bodi ya lori, na magunia yaliyopangwa juu ya paleti.

Kazi nyepesi ndiyo hupuuzwa zaidi. Akina mama wanaochambua kahawa kwa mikono hawanyanyui kitu kizito, kwa hiyo wakaguzi wengi huwapita. Mahali pamoja niliwagawia mchoro wa mwili, mbele na nyuma, watie alama panapowauma bila kuandika majina, na wale wale walionijibu asubuhi kwamba hawajambo wakajaza alama shingoni na kwenye bega la kulia. Niliporudi kwenye meza yao ya kuchambulia nikaona sababu: ndoo ya punje mbovu ilikuwa nyuma ya bega hilo, hivyo kila konzi iliyotupwa ilimlazimu mchambuaji kuupeleka mkono nyuma, siku nzima, huku shingo imeinama juu ya meza iliyo chini mno. Tuliihamishia ndoo mbele yao na kuinua meza kwa vipande vya mbao, kazi ya fundi seremala wa jirani.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, inamtaka mwajiri azitathmini hatari za kazi, lakini mfanyakazi naye asingoje ukaguzi. Ganzi ya vidole inayomwamsha usiku, au bega lisilopata nafuu hata baada ya mapumziko ya mwisho wa juma, aitoe taarifa kwa maandishi na aende hospitali mapema.

Baada ya wiki kadhaa, gawa mchoro ule ule tena. Alama zikibaki palepale, marekebisho hayajagusa chanzo, na inabidi kusimama tena pembeni mwa meza na kutazama.